Rangi ya gari kuukuu: fundi wa bei ya chee au mikono yako mwenyewe? Historia ina jibu

Mwenye gari kuukuu huwa na swali lilelile: nimpe fundi wa bei nafuu alipulize, au ninunue rangi na msasa nifanye mwenyewe? Wengi tunadhani hili ni suala la pesa tu. Kumbe ni suala la kemia pia, na limekuwepo tangu magari yenyewe yaanze kuzeeka. Kwa zaidi ya miaka mia moja jibu limebadilika mara kadhaa, na mara nyingi kilicholibadilisha ni namna rangi inavyokauka. Twende nalo taratibu.

Enzi ya brashi

Magari ya mwanzo yalipakwa rangi kama mabehewa ya farasi yaliyoyatangulia: brashi, rangi ya mafuta, halafu vanishi juu. Rangi ya mafuta ya kitani haikauki kama nguo kambani. Nguo inapoteza maji, basi. Mafuta yale yanavuta oksijeni kutoka hewani, na molekuli zake zinashikana kidogokidogo mpaka utando mzima unakuwa mgumu. Ni kazi ya siku nyingi. Unapaka mkono wa kwanza, unasubiri, unapiga msasa, unapaka mkono wa pili, unasubiri tena. Gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa kwenye chumba cha rangi.

Kwa kiwanda kinachotoa magari kwa maelfu, hilo lilikuwa balaa. Kuanzia 1914 hadi 1925 Ford walitoa Model T kwa rangi nyeusi tu. Rangi ile ilikuwa ya bei ndogo na imara, iliweza kukaushwa kwenye tanuri, na kutumia rangi moja kwa kila gari kuliondoa usumbufu mwingi kiwandani.

Sasa tumwangalie mnunuzi. Vanishi za wakati ule hazikupenda jua wala matope. Zilififia na kupasuka mapema, kwa hiyo kurudia rangi lilikuwa jambo la kawaida. Kampuni za rangi zililiona soko hilo. Pratt & Lambert ya Buffalo, kwa mfano, iliuza rangi iliyoitwa Effecto, maalumu kwa mwenye gari anayetaka kujipakia mwenyewe nyumbani. Wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Kifaa cha fundi kilikuwa brashi, na kifaa chako wewe kilikuwa brashi hiyohiyo. Alichokuzidi fundi ni ustadi na uvumilivu.

Daktari wa koo na bunduki ya rangi

Hapa anaingia mtu ambaye hakuwa na habari na magari kabisa. Allen DeVilbiss alikuwa daktari mjini Toledo, Ohio. Mwaka 1888 alitengeneza kifaa kidogo cha kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa ili isambae kama ukungu. Mwanawe Thomas alilichukua wazo hilo, na mwaka 1907 akatengeneza bunduki ya kupulizia rangi. Kanuni ni ileile: hewa inayopita kwa kasi inavuta kimiminika na kukipasua kuwa matone madogo sana.

Kikumbuke hiki kifaa cha koo, tutakirudia.

Bunduki ilikuwa inasubiri rangi ya kuifaa, na rangi hiyo ilifika mwaka 1923. Kampuni ya DuPont ilileta Duco, na gari la Oakland, la General Motors, likatoka na rangi hiyo likiwa la buluu. Duco ilitokana na nitroselulosi, yaani pamba iliyochanganywa na asidi ya nitriki. Ni ndugu wa baruti na wa filamu za sinema za zamani. Tofauti na mafuta ya kitani, haisubiri oksijeni. Kiyeyushi kinaruka hewani, rangi inabaki. Kazi ya wiki ikawa kazi ya saa na siku.

Lakini kasi ile ilikuwa na bei yake kwa mtu wa nyumbani. Rangi inayokauka haraka hivyo inaacha michirizi ukiipaka kwa brashi, kwa sababu haipati muda wa kujilaza. Lazima ipulizwe. Kupuliza kunataka kompresa, na kompresa inataka pesa na umeme. Kwa mara ya kwanza fundi alikuwa na kitu ambacho mwenye gari hana, na kazi ya rangi ikahamia gereji.

Dola 29.95

Kazi ikishahamia gereji, haikosi mtu wa kuuliza: tunaweza kuifanya kwa bei ndogo kiasi gani? Aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote ni Earl Scheib, aliyefungua gereji yake ya kwanza ya rangi mjini Los Angeles mwaka 1937. Kwa miaka mingi alisikika kwenye matangazo akiahidi kupaka gari lolote, rangi yoyote, kwa dola 29.95. Wamarekani walimtania sana, na magari waliendelea kumpelekea. Mwaka 1972 Anthony Martino akaanzisha Maaco kwa wazo la jirani: rangi kwa wingi, bei inayojulikana, gari linaingia na kutoka bila kuchelewa.

Hivi, bei ile ilikatwa wapi? Si kwenye rangi yenyewe peke yake. Utando wa rangi ya gari ni kama sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karibu unywele mmoja. Kitu chembamba hivyo hakifichi chochote. Kinachong'aa kinaakisi mwanga, kwa hiyo kila mkwaruzo ulioachwa chini unauona vizuri zaidi baada ya kupaka. Ndiyo maana saa nyingi za kazi nzuri haziko kwenye kupuliza. Ziko kwenye kuosha grisi, kukwangua kutu, kupaka puti, kupiga msasa, kufungua taa na vitasa, kufunika vioo.

Kutu ndiyo inaumbua zaidi. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kutu iliyoachwa chini inaisukuma rangi kutoka ndani mpaka inavimba na kubanduka. Bosi aliyelipa kidogo analaumu rangi, kumbe kilichokosekana ni muda.

Wajanja waliligundua hili mapema. Walipiga msasa wenyewe nyumbani wikiendi nzima, wakafungua taa na urembo, halafu wakalipeleka gari kwa fundi wa bei ya chini apulize tu. Hapo swali la "fundi au mimi" linapotea, kwa sababu kazi imegawanywa: muda unautoa wewe, kompresa anaitoa yeye.

Mwaka 1949 Edward Seymour, wa Sycamore, Illinois, alitia rangi kwenye kopo lenye gesi ya msukumo, na mtu wa nyumbani akapata bunduki ya mfukoni. Kwa mkwaruzo mdogo kopo ni msaada mkubwa. Lakini nyingi ya rangi za kopo hukauka kwa kiyeyushi kuruka tu, na kilichokaushwa hivyo kinaweza kuyeyuka tena. Chukua kitambaa chenye thina, sugua pembeni pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ujue ni ya aina hiyo. Petroli ikimwagika karibu na kifuniko cha tangi, nayo inaweza kuiharibu.

Hadina inabadilisha kila kitu

Mwaka 1937 mkemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, waligundua namna ya kutengeneza poliurethani. Miongo kadhaa baadaye kemia hiyo iliingia gereji kama rangi ya vitu viwili: rangi kwenye kopo moja, hadina kwenye kopo lingine. Ukichanganya, molekuli zinafungana kuwa wavu mmoja. Thina haiiyeyushi tena kirahisi, inang'aa bila kupigwa polishi sana, na inavumilia jua vizuri zaidi. Kwa gari linaloshinda nje, hiyo si faida ndogo.

Tatizo liko kwenye hadina. Nyingi zina isosayaneti, molekuli zenye hamu kubwa ya kufungana na kitu chochote kilicho karibu, pamoja na protini za mwili wako. Isosayaneti ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Mwili ukishajenga mzio, dozi ndogo sana inaweza kuleta shambulio, na pua haiwezi kukuonya kwa wakati. Tangu Agosti 2023 Umoja wa Ulaya unataka anayezitumia kikazi apate mafunzo kabla ya kutumia bidhaa zenye kemikali hizi kwa zaidi ya asilimia 0.1. Kinga inayopendekezwa kwa kupuliza ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba.

Sasa rudi kwa daktari wa Toledo. Kifaa chake kilipasua dawa kuwa ukungu ili ifike kwenye koo. Bunduki ya rangi inafanya kilekile, isipokuwa leo kilichomo ndani siyo dawa. Pita kwenye gereji zetu za wazi, Dar, Nairobi au Kampala, utamkuta kijana anapuliza chini ya mti, kitambaa kimefungwa mdomoni. Kitambaa kinazuia vumbi, hakizuii isosayaneti. Enzi za Scheib bei ya chee ilipatikana kwa kukata muda wa msasa. Kwetu mara nyingi inapatikana kwa kukata na barakoa pia, na anayelipia tofauti hiyo ni mapafu ya kijana yule.

Kwa hiyo ufanye nini?

Kama ni pikapu ya kazi na unataka kuzuia kutu tu, enameli ya kawaida isiyo na hadina, kwa brashi au rola ya sponji, bado inafaa. Paka mikono myembamba, piga msasa wa maji katikati. Maji yana sababu: gari la zamani sana linaweza kuwa na risasi ndani ya rangi yake, na vumbi lake si la kuvuta.

Kama unataka mng'ao wa rangi ya hadina, usiipulize nyumbani. Fanya maandalizi mwenyewe, halafu mpe fundi mwenye vifaa. Na unapopatana bei, usiishie kwenye "shilingi ngapi". Muulize atapiga msasa kwa muda gani, na anayepuliza atavaa nini usoni. Akikujibu vizuri maswali hayo mawili akiwa ghali kidogo, mlipe.