Kumgawia ndugu ini kwa kansa ya utumbo mpana: mambo ya kujua kabla ya kikao cha familia

Wadau, kansa ya utumbo mpana ni ya 3 duniani kwa kupata watu wengi na ya 2 kwa kuua. Mwaka 2022 peke yake ilikadiriwa kuwa watu milioni 1.9 waligundulika nayo. Ikianza kusambaa, mara nyingi inakimbilia kwenye ini, kwa sababu damu inayotoka kwenye utumbo hupitia ini kabla ya kwenda kwingine. Vivimbe vikiwa vichache daktari huvikata. Vikitapakaa ini zima, familia nyingi huambiwa zimebaki dawa tu.

Sasa kuna habari inazunguka kwamba ndugu anaweza kukatwa kipande cha ini lake, mgonjwa akawekewa, akapona. Ni ya kweli, ila watu husimulia nusu yake. Mimi si daktari, nimeishia kidato cha sita, lakini nimezisoma tafiti zenyewe na naziweka hapa kwa lugha nyepesi.

Inawezekanaje mtu aishi na nusu ini?

Ini hukua tena. Mtoaji mtu mzima kwa kawaida hukatwa upande wa kulia, kama 60% ya ini lake, na kinachobaki kisipungue 30%. Ndani ya miezi 2 hadi 3 linarudi karibu na ukubwa wake, kwake na kwa aliyepewa. Operesheni ya kwanza ya aina hii kufanikiwa ilifanyika mwaka 1989 Brisbane, Australia, chini ya Dkt. Russell Strong. Mama Mjapani alimpa mwanawe kipande cha ini.

Kwa kansa ilianza lini?

Zamani ilijaribiwa ikaachwa, wagonjwa walikuwa wanafariki mapema. Mwaka 2006 madaktari wa Oslo, Norway, wakaanza upya, kwa sababu kwao ini za marehemu zilikuwa zinatosha. Hadi 2011 walipandikiza wagonjwa 21, na ilikadiriwa kuwa 60% wangefikisha miaka 5. Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu ya pili: kati ya hao 21, kansa ilirudi kwa 19. Mara nyingi ilirudi kwenye mapafu, taratibu, na wengine waliweza kukatwa tena. Kwa hiyo kupona kabisa na kuongezewa miaka ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 2024 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Wafaransa, uitwao TransMet. Watu 94 waligawanywa kwa kura: nusu wapangiwe ini na dawa, nusu dawa peke yake. Baada ya miaka 5, kundi la ini walikuwa hai 56.6%, la dawa peke yake 12.6%. Tofauti hiyo si ndogo jamani.

Lakini hizo zote zilikuwa ini za marehemu. Nchi nyingi hazina za kutosha, na hapo ndipo ndugu anapoingia. Hospitali 3 za Toronto, Rochester na Cleveland zilijaribu ini za watu hai kati ya 2017 na 2021. Walipimwa wagonjwa 91, wakapandikizwa 10 tu. Baada ya mwaka mmoja na nusu wote 10 walikuwa hai, na 62% kansa ilikuwa haijarudi. Inatia moyo, ila ni watu 10 na muda mfupi.

Mgonjwa gani anafaa?

- Kansa iwe imeenea kwenye ini peke yake, si mapafu wala mifupa.
- Uvimbe wa kwanza kwenye utumbo uwe umeshatolewa wote.
- Vivimbe vya ini viwe haviwezi kukatwa kwa operesheni ya kawaida.
- Dripu za kansa ziwe zimeutuliza ugonjwa kwa miezi kadhaa. Kama unakua huku mgonjwa yuko kwenye dawa, ini jipya halitamsaidia.

Akishapandikizwa atameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Hiyo nayo ni hela ya kila mwezi.

Na mtoaji je?

Hapa ndipo vikao vyetu vinapopitia haraka. Mtoaji ni mtu mzima wa afya anayekatwa kwa faida ya mwingine. Hatari ya kufa inakadiriwa kati ya mtu 1 kwa 500 na 1 kwa 200. Nyongo inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza, na kazi nzito atazisubiri wiki kadhaa hadi miezi. Kama ni bodaboda au mama lishe, nani analisha nyumba yake muda huo?

Wagonjwa wengi wa ukanda wetu wanaotafuta ini huenda India. Sheria ya huko ya mwaka 1994 inakataza kuuza kiungo. Wageni hupitia kamati maalumu, na undugu lazima uthibitishwe na ubalozi. Msije mkabeba mtu wa kulipwa mkamwita binamu.

Kabla ya kuuza kiwanja, muulizeni daktari: Je, vipimo vya mwili mzima vimeonyesha ini peke yake? Mmewahi kupandikiza wangapi wenye kansa hii hii? Mtoaji ana daktari wake, tofauti na wa mgonjwa?

Hilo la mwisho ni muhimu sana. Hospitali makini humwita mtoaji peke yake, bila baba wala kaka mkubwa, na kumuuliza kama anataka kwa moyo wake. Akisema hapana, familia huambiwa tu kwamba hafai kutoa, basi. Mdogo mtu ambaye hajaoa asifanywe spea ya ukoo kwa sababu hana sauti kikaoni.

Mwenye uzoefu wa kutoa au kupokea ini atuandikie kwenye maoni, wengine wajifunze.