Kivumbasi na Kafuri

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila asomaye historia ya mafuta ya manukato katika milima ya Usambara na nchi iliyo chini yake, ambako ndiko kiliko kijiji cha Kerenge, wilayani Korogwe.

Kivumbasi ni wa ukoo mmoja na nanaa, mrehani na lavenda. Mimea ya ukoo huu aghalabu ina shina la pembe nne, na majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali. Harufu hiyo imehifadhiwa katika vifuko vidogo mno juu ya jani, vyenye mafuta mepesi ambayo hupaa yapatapo joto. Ndiyo sababu majani machache yakitiwa juu ya makaa, chumba kizima hunukia. Jina la kivumbasi hutumika kwa mimea zaidi ya mmoja. Mmoja, ambao wataalamu huuita Ocimum gratissimum, mara nyingi una eugenoli, kitu kile kile kiipacho karafuu harufu yake. Wa pili, Ocimum kilimandscharicum, aghalabu umejaa kafuri, yaani karafuu maiti, ambayo Waislamu huitia katika maji ya kuoshea maiti.

Mmea huu wa pili ulitangazwa kwa jina lake la kitaalamu na Max Gürke, mjini Berlin, mwaka 1895. Miaka saba baadaye, mwaka 1902, Wadachi walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki. Zama hizo kafuri ilikuwa mali ya thamani. Ilitiwa katika dawa, na zaidi katika selulodi, iliyotengenezewa vitana na filamu. Nayo serikali ya Japani ilikuwa imehodhi biashara ya kafuri ya Formosa tangu mwaka 1899. Kwa hiyo huko Amani ilipandwa mikafuri ya Asia, miti ihitajiyo miaka mingi kabla ya kuvunwa, ilhali kichaka cha Afrika chenye kafuri kilikuwa kimekwisha andikwa katika vitabu vya Wadachi wenyewe. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo wakemia wa kilimo nchini Kenya walipoyachunguza mafuta yake kwa nia ya kupata kafuri. Lakini wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha jua kutengeneza kafuri kutokana na tapentaini.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1937, mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé alitoa kitabu kilichoipa tiba ya manukato jina lake la Kizungu. Elimu hiyo ilihesabiwa huko Ulaya kuwa mpya. Lakini kujifukiza na kufukuza wadudu kwa majani yenye harufu ni desturi ambayo Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa na kitabu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watafiti wa kilimo walihamia Muguga, Kenya, na Amani ikawa makao ya watafiti wa malaria. Mmoja wao, G. B. White, alichapisha mwaka 1973 makala juu ya uwezo wa mimea ya Ocimum kufukuza mbu, naye aliieleza kuwa ni mimea itumiwayo kwa jadi. Mwaka 2008 Eliningaya Kweka na wenzake walithibitisha tena kwamba wanavijiji wa kaskazini mashariki mwa Tanzania huitumia kwa kazi hiyo.

Basi tangu kuanzishwa kwa Amani hadi makala ya White ilipita miaka 71. Si haki kusema kwamba wataalamu wa kwanza walikuwa vipofu. Walitumwa kutafuta mazao ya kupakiwa melini, nao wakayatafuta kwa bidii. Swali la namna ya kulala bila kuumwa na mbu halikuwa swali la waliowatuma; lilikuwa swali la mwanakijiji. Jibu lilionekana pale tu swali lilipobadilika.

Hata hivyo, kuheshimu elimu ya wazee si kuizidishia sifa. Moshi wa kivumbasi hupunguza mbu kwa muda. Hautibu malaria, wala haushiki mahali pa chandarua chenye dawa. Faida yake nyingine imeonekana kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, ambako wakulima wa kikundi cha Muliru hulima Ocimum kilimandscharicum, hutoa mafuta yake kwa mvuke, na kutokana nayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa msitu ulipata nafuu na wakulima walipata fedha. Hapo jina la mlimaji limeandikwa pamoja na jina la mmea. Katika maandiko ya wataalamu jina la Gürke limedumu, na la White pia. Bali yule aliyemwonyesha mgeni jani la kivumbasi hakuandikwa popote.