Dimbwi Lililokatazwa

Ndugu msikilizaji, juma hili nakupeleka Mpapura, Mtwara, kwenye kijito cha utoto wangu.

Kiangazi kilipokaza maji yalikatika, yakabaki madimbwi tu. Ndipo wakubwa walipoponda majani ya utupa na kuyatia majini. Punde samaki wakaelea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, nasi watoto tukaokota kwa shangwe. Jioni dimbwi lilikuwa tupu.

Masika ilipofika samaki walikuwapo tena. Bibi akisema wameshuka na mvua. Leo najua njia zao. Mafuriko huunganisha kijito na mito na mabwawa, samaki wakasafiri na maji. Kambare, ambaye huweza kuvuta hewa, hujiburuta juu ya nyasi mbichi hadi dimbwi jingine. Tena pwani yetu ina visamaki ambavyo mayai yake hukaa katika tope kavu miezi mingi, yakaanguliwa mvua inyeshapo.

Lakini anayesafiri lazima awe ametoka mahali. Wazee wetu walikuwa na dimbwi moja lenye kina ambalo lilikatazwa kuguswa. Mwaka mmoja wa njaa tulilitia utupa nalo. Masika iliyofuata mitego ilitoka mitupu, tukala kisamvu. Sikusahau uso wa babu.

Katazo la wazee sasa limeandikwa: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti. Na huko chini, Ruvuma inapoingia baharini, mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hilo nalo ni dimbwi lenye kina, ila kubwa zaidi.

Baharini hatari ni kubwa zaidi pia. Utupa huua wenyeji, nyumba ikabaki. Baruti, ambayo pwani yetu iliijua tangu miaka ya 1960, huvunja na nyumba yenyewe, yaani matumbawe, na hayo huchukua miaka mingi kuota tena.

Wewe wa mjini utasema hayo ni ya wavuvi. La hasha. Ukifika Feri, mbonyeze samaki kabla ya kulipa. Akiwa mlegevu, mifupa imevunjika na damu imevilia ndani, mwachie mwenyewe. Bila mnunuzi, hakuna atakayelipua.

Hadi juma lijalo, kwaheri.