Alama ya Kumswalia Mtume: Kutoka Kalamu ya Mwanzi hadi Kompyuta

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad ﷺ, twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji historia ya alama hiyo ndogo iliyofuata jina lake tukufu. Wengi huipita kwa jicho tu, wala hawajui safari ndefu iliyoileta katika karatasi hii.

Tangu zamani wanavyuoni walitilia mkazo adabu ya kuandika swala na salamu. Imamu Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka wa 1245, aliwahimiza waandishi wa Hadithi wasichoke kuiandika kila Mtume atajwapo, tena akawaonya wasiifupishe kwa herufi mbili tatu. Mwenye kalamu ya mwanzi hakuwa na udhuru, kwani kalamu yake iliweza kuandika kila neno.

Udhuru ulikuja na mashine. Taipureta ya herufi za Kirumi haikuwa na herufi ya Kiarabu hata moja, ndipo tukayazoea, katika maandishi yetu ya Kiswahili, yale mabano yenye "S.A.W." ndani yake. Kompyuta nayo haikuanza kwa ukarimu zaidi. Yafaa ijulikane ya kwamba kompyuta haihifadhi sura ya herufi bali nambari, na kila herufi sharti ipewe nambari yake. Kanuni ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, nazo zilitosha herufi za Kiingereza, tarakimu na vituo. Herufi za Kiarabu hazikupata hata kizingiti cha kukalia.

Mwaka wa 1987 ilitoka kanuni ya kimataifa ya herufi za Kiarabu, ISO 8859-6. Kwa kuwa herufi hizo hubadili sura zikiwa mwanzo, kati au mwisho wa neno, kila moja ilipewa nambari moja, na kazi ya kuiunganisha na jirani yake ikaachiwa mashine. Lakini kanuni hiyo ilizijua herufi za lugha ya Kiarabu peke yake. پ na چ za Waajemi, ambazo waandishi wa Kiswahili waliziazima ili "pata" lisisomwe "bata", hazikuwamo.

Ndipo ikaja Unicode mwaka wa 1991, iliyokusudia kuzipa nambari herufi za lugha zote, na hizo mbili zikaingia. Katika toleo la mwaka wa 1993 ikaingia swala kamili, kwa nambari FDFA. Maneno manne yenye herufi 15 yamekaa katika nambari moja, wala hayakufupishwa: yameandikwa yote, yamefumwa kwa hati nzuri kama wafanyavyo mafundi. Bismillahi nzima nayo ikapewa nambari FDFD mwaka wa 2003.

Kuiandika si kazi ngumu. Katika programu ya Microsoft Word, kwenye Windows, mtu huandika FDFA, kisha hubonyeza Alt pamoja na X, na alama hutokea palepale. Ikitokea kijisanduku kitupu, nambari haikupotea; fonti ndiyo isiyokuwa na sura yake. Hatari iko kwa fonti nyingine za zamani, zilizochora herufi za Kiarabu juu ya nambari za Kirumi. Andiko la namna hiyo likifunguliwa katika mashine isiyo na fonti ile, husomeka fujo tupu. Basi wenye kunakili nyaraka za misikiti na kasida za wazee na watumie nambari za haki, wajukuu wasije wakarithi masanduku yasiyofunguka.

Wazee walioandika "S.A.W." tusiwalaumu, waliandika kwa chombo walichokuwa nacho. Sisi tumepewa chombo kipana zaidi, na adabu ile ya Ibn al-Salah twaweza kuitimiza hata kwa kidole kimoja. Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.