Merikani, Pesa na Majina Mengine Yaliyofika Kindu

Komine ya Kasuku, iliyo ukingo wa kushoto wa mto Lualaba katika mji wa Kindu, ina jina lililo sawa na la ndege mwenye sifa ya kutamka kila analofundishwa. Ilhali wakaazi wake, kila walipoletewa kitu kigeni na jina lake, waliyatamka yale tu yaliyowakalia ulimini, na yaliyosalia wakamwachia mwenyewe.

Nguo ndiyo iliyotangulia. Kabla ya misafara ya Waarabu na Waungwana kuingia Maniema katika karne ya 19, watu wa huku walivaa, na wakalipana, viramba vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale. Na tajiri aliyewatamani waache kitambaa cha mikono yao wachukue cha kiwandani alihitaji, zaidi ya uzuri wa bidhaa, neno moja ambalo mnunuzi angelitaja pasi na kukwama. Neno hilo lilikuwa merikani: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ambao Sultani Sayyid Said alifungiana mkataba na serikali yao mwaka 1833, nayo ikapimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na pamba ile ikaadimika, Waingereza wakaleta yao, na baadaye viwanda vya Bombay vikaleta yao; jina halikuondoka. Mtu aliomba merikani akapewa ya Bombay, wala muuzaji hakuona haja ya kumsahihisha. Ndiyo hatari ya jina linalopendwa kupita kiasi, kwamba huacha kuwa milki ya aliyelitia chapa, likawa la kitu chenyewe.

Reli haikupata jina la kupendwa hivyo. Kampuni ya CFL, iliyounganisha Kindu na Kongolo mwaka 1910, ilikuwa na jina la Kifaransa refu mithili ya mabehewa yake. Mwaka 1974 ikamezwa na SNCZ, ambayo nayo ikageuka SNCC. Abiria alipanda gari la moshi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ama simu za mkononi, kisa chake ni cha jana. Celtel ilianza Kongo mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaitwa Zain, na mwaka 2010 ikaitwa Airtel, yaani majina matatu katika muda wa miaka kumi, kila moja likija na rangi zake za miavuli na kuta. Kama jina pekee lingekuwa ndilo linalomfunga mteja, wateja wangalitawanyika mara mbili. Lakini mama aketiye chini ya mwavuli na simu zake mezani, akiuza mayunite ya franga elfu moja, humwuliza mnunuzi namba tu. Na namba ile ya 099, aliyokwisha kuwapa ndugu zake wa Kasongo na Kisangani, ndiyo iliyomzuia mtu asihame.

M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Kongo mwaka 2012, ilikuja na jina lililotungwa kwa ustadi, kwa kuwa mtu wa pwani aliposikia pesa, neno lenye asili ya Kihindi, hakuhitaji kufasiriwa. Huku kwetu, lakini, fedha ni makuta, neno lililobaki midomoni tangu sarafu ya mwaka 1967 ijapokuwa sarafu yenyewe imekwisha kufa. Na katika Kilingala, ambacho askari na wachuuzi wa mtoni hukisema kila siku, pesa maana yake ni "toa". Basi huduma ya kupelekeana fedha ikafika ikiwa na jina lililokuwa tayari ombi la mwenye shida kwa nduguye aliye mbali. Sidhani kama waliolibuni waliliwazia hilo. Ni bahati, wala si hekima yao, na katika majina yote niliyoyataja hapa sioni lililosaidiwa na bahati zaidi ya hilo.