Chombo Kisicho na Nahodha

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Walijua kuwa baharini lazima awepo mmoja ashikaye usukani, na wengine wamtii. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2009 ulianzishwa mtandao wa fedha uitwao Bitcoin, na waliousifu walidai kwamba hicho ni chombo kisicho na nahodha kabisa. Walisema hauna mfalme, hauna benki kuu, wala hauna mkurugenzi. Kila abiria ni sawa na mwenziwe. Madai makubwa kama hayo hayapimwi kwa maneno ya wanaoyatoa, bali kwa mambo yaliyotukia siku chombo kilipopigwa na dhoruba. Basi na tuitazame historia yake.

Kwanza yatupasa kujua jinsi chombo hiki kilivyoundwa. Fedha za benki huandikwa katika daftari la benki, na mwenye daftari ndiye mwenye amri. Mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hajathibitika hata leo kuwa ni nani, alieleza katika waraka wa tarehe 31 Oktoba 2008 namna ya kuweka daftari moja katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya huongezwa. Haki ya kuuandika hushindaniwa na watu waitwao wachimbaji, ambao kompyuta zao hubahatisha jibu la fumbo la hesabu mara nyingi zisizohesabika, na mshindi hulipwa kwa sarafu mpya. Madaftari yakitofautiana, hufuatwa lile lililogharimu kazi nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye zaidi ya nusu ya nguvu zote za uchimbaji aweza kuzifuta kurasa za karibuni na kuitumia sarafu moja mara mbili. Hapo ndipo penye udhaifu.

Dhoruba ya kwanza ilivuma tarehe 15 Agosti 2010. Kanuni ya mtandao ni kwamba sarafu zote hazitazidi milioni 21. Siku hiyo, kwa kosa lililokuwamo katika programu, ukurasa mmoja ulizaa sarafu zaidi ya bilioni 184. Satoshi na wenzake wachache walitoa programu iliyosahihishwa katika muda wa saa chache, wachimbaji wakaipokea, na kabla ya siku mbili kupita ukurasa ule ulikuwa umetupwa pamoja na zote zilizoufuata. Nani angelaumu, ikiwa chombo kimeokolewa? Hata hivyo, mwenye macho aliuona mkono uliogeuza usukani.

Satoshi alijitenga katika mwaka 2011, asisikike tena katika kazi hiyo. Lakini mambo ya namna ile hayakwisha. Tarehe 11 Machi 2013 programu mpya iliukubali ukurasa ambao programu ya zamani iliukataa, daftari likagawanyika mawili. Lile la programu mpya ndilo lililokuwa na wachimbaji wengi na kurasa nyingi. Juu ya hayo, watunzaji wa programu waliona ni salama zaidi kurudi kwenye ile ya zamani, wakawaomba wakuu wa ushirika mkubwa wa wachimbaji, kama BTC Guild, wakubali. Wakakubali, ingawa walipoteza malipo ya kurasa walizokwisha kuandika. Watu wasiozidi hesabu ya baraza la kijiji walizungumza usiku mmoja, na daftari la ulimwengu mzima likafuata.

Ushirika huo wenyewe ulikuwa umezaliwa kwa haja ya kweli. Mchimbaji mdogo angeweza kungoja miaka bila kushinda hata mara moja, kwa hiyo wengi waliunganisha nguvu zao na kugawana mapato. Lakini katika Juni 2014 ushirika mmoja, GHash.io, ulivuka nusu ya nguvu zote kwa muda. Watu waliingiwa na hofu, baadhi ya wachimbaji wakajitoa, na ushirika ule ukaahidi kwamba utajitahidi usivuke asilimia 40. Angalia vizuri, msomaji: programu haikuwa na kanuni ya kuuzuia. Uliozuia ni uangalifu wa watu na uhuru wao wa kuhama.

Uhuru huo ulijaribiwa tena katika mwaka 2017. Mwezi wa Mei, makampuni zaidi ya 50 yalipatana katika mji wa New York kuukuza ukubwa wa kurasa. Yalisema yana zaidi ya asilimia 80 ya nguvu za uchimbaji. Kwa kuyatazama kwa mbali, mtu angedhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini watu wengi walioweka nakala za daftari katika kompyuta zao, pamoja na watunzaji wengi wa programu, walikataa. Mchimbaji aandikapo ukurasa usiopokewa na watu, kazi yake ni bure. Tarehe 8 Novemba 2017 viongozi wa mpango ule waliusimamisha. Wenye mashine walikuwa na nguvu, lakini hawakuwa na amri.

Serikali nayo ilikipima chombo hiki. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikadiria kuwa katika mwaka 2019 kama robo tatu za uchimbaji zilifanyika China. Katikati ya mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo iliupiga marufuku, na nguvu za mtandao zikashuka kwa karibu nusu. Kurasa zilichelewa, lakini daftari halikufungwa. Mashine zilihamishiwa nchi nyingine, na kabla ya mwaka kwisha Marekani ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza.

Tuseme nini basi? Atakayesema kwamba chombo hiki hakina nahodha amesahau miaka ya 2010 na 2013. Atakayesema kwamba kinatawaliwa na wachache tu amesahau mwaka 2017. Ukweli ni kwamba mamlaka hayakufutwa. Yaligawanywa, na kila mara hutamani kurudi mahali pamoja, kwa kuwa umoja una faida na watu hupenda wepesi. Mgawanyo wake hulindwa na abiria walio macho, wenye elimu ya kuisoma ramani na uwezo wa kusema hapana. Abiria wakilala wote, nahodha atapatikana, hata kama hakuna aliyemchagua.