Nani Anaaminiwa Ndani ya ATM?

Jina ATM linatufanya tufikirie mashine moja. Fungua ule mlango wa chuma utakuta kijiji kizima. Kuna kisoma kadi. Kuna kibodi ya namba ya siri, ambayo ina kompyuta yake ndogo ndani. Kuna printa ya risiti. Chini, ndani ya sefu, kuna kitoa noti pamoja na kaseti zake, yaani masanduku yaliyopakiwa pesa. Halafu juu ya sefu kumekaa kompyuta ya kawaida tu, ndugu wa zile za cyber ya mtaani kwenu, na vifaa vyote vimeunganishwa nayo kwa kebo. Ukiomba 2,000, hiyo kompyuta ndiyo inayokiambia kitoa noti: toa. Na kwa miaka mingi kitoa noti kimekuwa kikitii bila kuuliza, "wewe ni nani?"

Historia ya ATM husimuliwa sana kama ubishi wa nani aliivumbua. Kuna swali jingine linalokugusa zaidi: ndani ya hilo sanduku, neno la nani linaaminiwa? Siku salio lako litakapokatwa na noti zisitoke, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama utaziona hizo pesa tena.

Tuanzie London. Tarehe 27 Juni 1967, kwenye tawi la Barclays la Enfield, mwigizaji wa vichekesho Reg Varney alitoa pesa ukutani huku kamera zikimulika. Mashine hiyo ilitoka kampuni ya De La Rue, chini ya John Shepherd-Barron. Hukuwa unaingia na kadi ya plastiki. Ulipewa na benki vocha za karatasi zilizotiwa kaboni-14, kemikali yenye mionzi kidogo, na mashine iliitambua vocha kwa mionzi hiyo. Vocha moja, pauni 10. Mashine yenyewe haikuwa imeunganishwa na kitu chochote nje ya ukuta. Haikujua una salio gani. Iliamini karatasi na namba ya siri uliyobonyeza, basi.

Wakati huohuo mhandisi wa Scotland, James Goodfellow, alikuwa ameshasajili hataza yake mnamo Mei 1966: kadi moja na namba ya siri, viwili vikilingana pesa inatoka. Kwa wazo hilo ambalo leo liko mfukoni mwa kila mtu, alilipwa pauni 10. Thamani ya vocha moja ya Enfield!

Mwaka wa 1972 benki ya Lloyds ilianza kutumia Cashpoint, mashine ya IBM iliyounganishwa kwa laini na kompyuta kuu ya benki. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Sasa mashine ilikuwa inauliza makao makuu kabla ya kukupa chochote, na kila hatua ikaandikwa mahali. Kadiri vifaa vilivyoongezeka kwenye mnyororo huo, ndivyo benki zilivyozidi kusema kwamba mashine haiwezi kukosea.

Polisi mmoja wa Uingereza aliyapata machungu ya imani hiyo. Mwaka wa 1992 alirudi kutoka likizo ya Ugiriki akakuta akaunti yake imetolewa pesa mara sita, na akalalamika kwamba si yeye. Taasisi iliyokuwa na akaunti hiyo ilisema mfumo wake ni salama, kwa hivyo lazima mteja anadanganya. Akashtakiwa kwa kujaribu kujipatia pesa kwa ulaghai, na mwaka wa 1994 akapatikana na hatia. Mtu ameenda kuripoti kuibiwa, akatoka huko akiitwa mwizi. Kwenye rufaa, upande wa utetezi uliomba wataalamu wake waukague mfumo wenyewe. Ombi hilo lilikataliwa, na mwaka wa 1996 mahakama ikamwachilia huru. Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye mwaka wa 1993 alikuwa amechapisha utafiti kuhusu jinsi ATM zinavyoibiwa. Aligundua kwamba wizi mwingi haukuhitaji mtu kuvunja hesabu ngumu za siri. Ulitokana na vitu vya kawaida: mfanyakazi mwenye tamaa, programu yenye kasoro, utaratibu uliopuuzwa.

Sasa turudi kwenye zile kebo. Zamani, ukinunua mashine kwa kampuni moja, umeolewa nayo. Kompyuta, kitoa noti na programu vilizungumza lugha ya nyumba hiyo tu. Benki ikitaka programu ya kampuni nyingine, ilibidi waandike karibu kila kitu upya. Mapema miaka ya 1990, Microsoft na watengenezaji wa vifaa vya benki wakakaa chini na kuunda lugha ya pamoja iliyokuja kuitwa XFS. Baadaye shirika la viwango la Ulaya, CEN, likachukua ulezi wake.

Wazo lenyewe ni rahisi. Programu ya benki haihitaji kujua kitoa noti kimetengenezwa na nani. Inasema tu "toa noti nne". Katikati kuna meneja wa XFS anayepokea amri na kuipeleka kwa programu ndogo ya mtengenezaji, na hiyo ndiyo inayojua lugha ya ndani ya kifaa. Ni kama kondakta wa matatu: wewe unasema unashukia wapi, yeye anajua namna ya kumwambia dereva. Benki zikapata uhuru wa kuchanganya mashine za kampuni tofauti na kuziendesha zote kwa programu moja.

Lakini lugha ya pamoja haichagui msemaji. Waliounda XFS walidhani kwamba aliye ndani ya sanduku ni mwenyeji. Hawakuweka njia ya kitoa noti kudai kitambulisho. Mwaka wa 2014 kampuni ya Kaspersky ilieleza kuhusu programu hasidi iitwayo Tyupkin, iliyopatikana kwenye ATM za Ulaya Mashariki. Wezi walifungua sehemu ya juu ya mashine, ile isiyo sefu, wakaingiza CD, wakaondoka. Tyupkin ikajificha, ikingoja amri usiku wa Jumapili na Jumatatu pekee. Muda ukifika, mtu anakuja, anabonyeza namba fulani kwenye kibodi, na kitoa noti kinamwaga. Hakuna akaunti ya mteja iliyoguswa. Programu hiyo ilitumia XFS ileile ambayo benki yenyewe inatumia.

Wengine hata hawakujisumbua na programu. Walichomoa kebo ya kitoa noti kwenye kompyuta ya benki, wakaichomeka kwenye kompyuta yao ndogo. Sefu nzito, chuma kinene, na siri yote iko kwenye waya mmoja uliopita juu yake.

Linganisha na kibodi ya namba ya siri. Hiyo ilijengwa kwa kutomwamini mtu. Namba yako inafichwa humohumo ndani ya kibodi kabla haijafika kwenye kompyuta, na mtu akijaribu kuifungua kwa nguvu, inafuta funguo zake za siri yenyewe. Yaani siri yako ilipewa mlinzi anayemshuku kila mtu, huku noti zikiachiwa mlinzi anayemfungulia yeyote anayeongea vizuri. Imechukua miaka kusahihisha hilo. Watengenezaji wameanza kufunga kwa siri mazungumzo kati ya kompyuta na kitoa noti, na toleo jipya la XFS linaruhusu kitoa noti kudai uthibitisho kabla ya kutoa hata noti moja.

Nasi je? Kenya ilipata ATM yake ya kwanza mwaka wa 1989, kupitia Standard Chartered. Tangu Machi 2007 M-Pesa imetuzoesha wakala wa kibandani, mtu unayemjua kwa jina, anayekuhesabia pesa ukiona. Mkikosana, mnasimama hapo mnaongea. Ukutani hakuna wa kuongea naye. Lakini kuna mashahidi.

Kitoa noti kinahesabu kila noti inayochomoka kwenye kaseti. Noti mbili zikishikana, sensa inaona unene usio wa kawaida na kuzitupa kwenye sanduku la zilizokataliwa. Noti zikifika mdomoni usizichukue, zinaweza kurudishwa ndani. Hatua hizo zinaandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine, pamoja na saa. Halafu mashine inapofunguliwa kujazwa, zilizobaki zinahesabiwa. Kama mfumo unasema wewe ulipewa 10,000 na ndani kuna 10,000 za ziada, hizo ni zako. Hakuna ubishi.

Kwa hivyo ukienda benki kulalamika, usikubali jibu la "mfumo unaonyesha ulipokea". Mfumo ni nani? Kompyuta inaweza kuwa imetuma amri na kitoa noti kikashindwa kuitimiza. Andika saa, mahali na namba ya mashine, weka risiti kama ilitoka, kisha uulize maswali mawili: kumbukumbu ya kitoa noti inasema nini, na hesabu ya kaseti siku hiyo ilikuwaje? Yule polisi alihitaji miaka minne na rufaa kwa sababu walioshikilia majibu ya maswali ya aina hiyo hawakutaka yakaguliwe.